Have I Got News for You na vipindi vya aina hiyo: vinasaidia watu kuugundua uongo au vinawapa wazushi mtaji?

Mtoto_wa_Makorora

Wakuu za jioni, waliotuzidi umri shikamooni. Nina jambo linanisumbua nikaona nililete hapa maana najua kuna watu wa habari humu, kuna walioko Ulaya na Marekani, mtanisaidia.

Kwenye grupu la ukoo wetu ba'mdogo alirusha klipu. Jamaa kavaa suti, kakaa nyuma ya meza, skrini kubwa nyuma yake, kwenye kona nembo nyekundu ya CNN, anaongea kwa uso mkavu kuhusu serikali ya Marekani na wahamiaji, yenyewe haifiki hata dakika moja, halafu chini mtu kaandika kwa herufi kubwa WAJULISHENI NDUGU ZENU WALIOKO HUKO MAPEMA. Shangazi yangu hapa Tanga mwanae yuko Houston. Akaanza kupiga simu usiku ule ule, kule mtoto yuko kazini hapokei, mara anampigia rafiki wa mtoto, mara analia, mpaka kunakucha nyumba nzima haijalala. Nikaitafuta ile klipu mpaka nikaipata yote. Kumbe ni kipindi cha vichekesho, Have I Got News for You, timu mbili zinaulizwa maswali kuhusu habari za wiki na wanatania, na yule jamaa ni mchekeshaji. Aliyeikata kaikata pale pale kabla ukumbi haujaangua kicheko. Sentensi imebaki, kicheko hakipo, na juu yake kaweka muziki wa huzuni kama wa msibani.

Sasa mimi sina ugomvi na vichekesho, kwanza baada ya hapo nimekaa YouTube nimekiangalia sana, hasa toleo la Waingereza walioanza nacho, na nimekipenda, unacheka na ukitoka hapo umejua kitu. Ila najiuliza. Uzushi siku hizi unatembea kuliko habari yenyewe, je vipindi vya namna hii vinawasaidia watu kujua lipi kweli lipi uongo au ndo vinawapa wazushi mtaji? Na chaneli ya habari kama CNN kurusha utani pale pale inapotangaza vita na uchaguzi ni sawa? Na huku kwetu tungekuwa na kipindi kama hicho kwa Kiswahili kingetufaa au kingetuletea balaa? Naomba mchango wenu wakuu, hili jambo limemkesha mtu mzima.

Mzee_wa_Leicester

Marahaba kijana, na mpe pole shangazi yako. Mimi niko Uingereza tangu miaka ya 90 mwanzoni na hicho kipindi nimekiangalia Ijumaa kwa Ijumaa, wanangu wamekua wanakisikia sebuleni, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo kinavyotengenezwa maana jibu lako naona liko humo humo.

Kilianza Septemba 1990 BBC Two, mwaka 2000 kikahamia BBC One. Manahodha wa timu ni wale wale walioanza nacho, Ian Hislop na Paul Merton, na Hislop hajakosa kipindi hata kimoja. Aliyekuwa anakiendesha mwanzo ni Angus Deayton, akaondolewa 2002 baada ya magazeti kuanika mambo ya maisha yake binafsi, na tangu hapo kile kiti anakaa mgeni, wiki hii huyu wiki ijayo mwingine. Lakini wengi hawamjui huyu Hislop vizuri. Yule ni mhariri wa Private Eye tangu 1986, gazeti linalochanganya utani na uchunguzi wa kweli kweli, na limeburuzwa mahakamani kwa kashfa mara nyingi mno. Mwaka 1989 waliamriwa walipe pauni 600,000 kwenye kesi moja, fedha ambayo ingelifunga gazeti, rufaa ndo ikaja kuishusha sana. Mtu aliyepita hapo anajua tofauti ya jambo unaloweza kulithibitisha na jambo ulilolisikia kijiweni. Akimtania waziri, chini ya ule utani kuna habari imechapwa, ina tarehe, ina karatasi.

Halafu kinarekodiwa Alhamisi jioni kinaruka Ijumaa. Nilishawahi kwenda kukaa ukumbini, tiketi ni za bure unaomba tu, na kilichonishangaza ni urefu, mnakaa mpaka makalio yanauma halafu kesho yake unaona nusu saa tu kwenye televisheni. Kuna vilivyokatwa kwa kuwa havikuchekesha na kuna vilivyokatwa kwa kuwa mwanasheria kasema hapana. Mwishoni kabisa yule mwendesha kipindi alirudishwa asome upya sentensi ambazo hazikukaa sawa, na sisi watazamaji tukacheka upya. Yaani utani ukikufikia nyumbani umepita mikono ya watu wengi.

Na kuna raundi moja karibu na mwisho, wanaonyesha kichwa cha habari maneno mengine yamezibwa, timu zinabahatisha. Vingi vinatoka kwenye jarida fulani geni la wiki hiyo, jarida la kitu ambacho hukuwahi kufikiri kina jarida. Wanabuni majibu ya ajabu ajabu, watu wanacheka, kisha kile kizibo kinatoka na maneno halisi yanasomeka kwenye skrini, na mara nyingi ya kweli ndo ya ajabu zaidi. Angalia huo mpangilio: kwanza uongo wa kubuni, kisha ukweli pale pale mbele ya macho ya kila mtu. Klipu ya ba'mdogo wako imechukua ile sehemu ya kwanza ikaacha ya pili. Kosa ni la mwenye mkasi.

NyotaYaMvita

Mzee wangu nakuheshimu lakini hapo umekipamba mno. Mimi pia nimekaa London, nimesoma huko, na kuna jambo umelipita kimya nalo ndilo kubwa kuliko yote. Sema la Boris Johnson.

Huyu bwana mwaka 1988 alifukuzwa gazeti la The Times kwa kubuni maneno akamtilia mtu mdomoni. Fikiria, mwandishi wa habari, uongo wa wazi. Akaenda Daily Telegraph wakamtuma Brussels kwenye makao ya Umoja wa Ulaya, akawa anaandika habari za Umoja wa Ulaya zilizotiwa chumvi mpaka waandishi wenzake wakawa wanapigiwa simu na wahariri wao usiku kuulizwa mbona ninyi hamna habari hii. Kisha 1998 akaja Have I Got News for You. Na ni kweli Hislop alimbana, alimuuliza kuhusu ile simu iliyorekodiwa ambapo rafiki yake alikuwa anataka anwani ya mwandishi mmoja ili apigwe. Swali zito kabisa. Boris akababaika, akavuruga nywele, watu wakacheka, ikaisha. Akaalikwa tena. Akaalikwa tena. Mpaka akakalishwa kiti cha kuendesha kipindi. Mwaka 2001 mbunge, 2008 meya wa London, 2019 waziri mkuu. Watu wakawa wanamwita Boris tu kama mtoto wa jirani.

Na mwaka 2016 si ndio ile kampeni yao ya kuitoa Uingereza Umoja wa Ulaya, ya basi jekundu lenye maandishi ya pauni milioni 350 kwa wiki zinazopelekwa Ulaya? Mamlaka ya takwimu ya Uingereza ilisema wazi ile hesabu inapotosha, na mwaka uliofuata Boris alipoirudia mkuu wa ile mamlaka alimwandikia barua yeye mwenyewe kwamba ametumia vibaya takwimu rasmi. Lile basi likaendelea kukumbukwa na barua haikumbukwi na mtu.

Kwa hiyo mimi hofu yangu si klipu iliyokatwa. Hofu yangu ni kipindi kizima, kisichokatwa, chenye mwanasheria na kila kitu. Kwa sababu mtu mwongo ukimcheka vya kutosha unaanza kumpenda, na ukimpenda humuulizi tena. Kicheko kile kilimwosha. Wallahi mimi nikiona mwanasiasa wetu kaalikwa kwenye komedi na anajitania mwenyewe huku anatabasamu, naanza kujiuliza ni swali gani analokimbia.

Mzee_wa_Leicester

Binti yangu hoja ya Boris siipingi, na hata Uingereza wapo wengi wanaosema hivyo hivyo mpaka leo. Ila nikuombe utenganishe mambo mawili. Kuna kumleta mwanasiasa kuwa mgeni na kuna kuzungumzia habari zake asipokuwepo. La pili hilo wamelifanya vizuri sana. Mwaka 1993 Roy Hattersley, aliyekuwa naibu kiongozi wa chama cha Labour, alighairi kuja dakika za mwisho, na ilikuwa mara ya tatu anafanya hivyo. Unajua walichofanya? Waliweka ndoo ndogo ya mafuta ya nguruwe kwenye kiti chake, ikakaa pale mezani kipindi kizima karibu na Paul Merton kama mgeni rasmi. Hakuna aliyepata umaarufu mzuri kwa hiyo, hakuna aliyeoshwa.

Na mambo ya uchaguzi wako makini. Mei 2019 kulikuwa na kipindi kimeshatengenezwa tayari, mgeni mmojawapo ni Heidi Allen aliyekuwa anaongoza chama cha Change UK, uchaguzi wa bunge la Ulaya ulikuwa umekaribia, BBC wakakiondoa hewani siku ile ile. Watu walikasirika lakini mimi niliwaelewa. Kama huku kwetu mtu atataka kuanzisha kitu kama hiki mimi ningemwambia sheria ya kwanza iwe hakuna mwanasiasa kukaa kwenye kile kiti. Wachekeshaji, waandishi, walimu, mama lishe akitaka, ila siye anayeomba kura.

NyotaYaMvita

Hapo tumekubaliana mzee, hiyo sheria naiunga mkono mia kwa mia.

Msee_wa_South_C

Wasee mimi naona mnaongea ya Uingereza tu na sisi Kenya tumepitia hii kitu kitambo. XYZ Show ilianza 2009 Citizen TV, vikaragosi vya mpira, idea ilikuwa ya Gado yule mchoraji wa katuni (na ni mzaliwa wa Dar, watu wa Bongo msisahau kumdai), alikuwa ameona ile ya Wafaransa, Les Guignols. Sisi tulikuwa tunaingoja hiyo show nyumbani vile watu hungojea mechi. Mheshimiwa yule kichwa kimekuwa kikubwa kama boga, pua imevutwa, mdomo unafunguka na kufungika haufuatani na maneno, anajibu maswali ya ufisadi.

Sasa angalieni vizuri hiyo kitu. Kikaragosi ukikikata dakika moja, ukikata sekunde kumi, ukitoa kicheko, ukiweka muziki ya mazishi, bado ni kikaragosi. Hakuna shangazi wa mtu atalia usiku juu ameona kichwa ya mpira. Utani umeshonwa kwa sura yenyewe hauwezi kutolewa na makasi. Lakini binadamu na suti kwa meza, na taa za studio, huyo ukimkata anabaki tu mtu wa habari.

Na kitu ya maandishi ndio mbaya zaidi. Mnakumbuka ile ya Eritrea Januari 2016? Ati serikali imeamuru kila mwanaume aoe mabibi wawili la sivyo jela. Hiyo ilitoka hapa kwetu, Crazy Monday ya gazeti la Standard, kurasa ya mambo ya udaku na vituko. Ikatoka hapo ikaruka Nigeria, ikaruka South Africa, kila mahali vijana wanaandika wanataka kuhamia Asmara, mji mkuu wa Eritrea, na wengine walikuwa wameamini kabisa. Mpaka BBC ikabidi waulize watu wa Eritrea wenyewe, ofisa mmoja akawaambia hata kichaa wa Asmara angejua hiyo si kweli. Sasa kichaa wa Asmara angejua juu anaishi Asmara. Mtu wa Kisumu angejulia wapi? Hana habari yoyote ingine ya Eritrea ya kulinganisha nayo.

Hapo ndio mimi nimefika. Utani wa habari unafanya kazi kama msikilizaji tayari anaijua hiyo habari. Mwingereza anaangalia hiyo show Ijumaa akiwa amesoma magazeti wiki nzima, akisikia utani anajua ni wapi imetoka kwa ukweli na ni wapi imeongezwa. Shangazi wa Tanga hajasoma hayo magazeti na hakuna mtu alimpatia, amepewa utani kavu bila ile habari ya chini. Kwa hivyo siwezi lenga lawama kwa wale wachekeshaji lakini pia siwezi mwambia shangazi ati ungejua. Angejuaje?

Bongo_Minnesota

Mkuu Msee umeongea kitu kikubwa sana hapo.

Mimi naomba nijibu lile la CNN maana niko huku na nakiangalia. Toleo la Marekani lilianza Septemba 2024, Jumamosi usiku, anaendesha Roy Wood Jr. aliyetokea The Daily Show, kipindi kingine cha kutania habari, manahodha ni Amber Ruffin na Michael Ian Black. Ni kipindi kizuri na Roy Wood Jr. ni mtu anayesoma, maswali yake yanatoka kwenye habari za kweli. Lakini tatizo la nembo lipo na ni kubwa. BBC One ni chaneli ya kila kitu, tamthilia, mapishi, mpira, na habari kwa saa zake, kwa hiyo Mwingereza akiona ile nembo hawazi habari moja kwa moja. CNN mtu yeyote duniani akiona zile herufi nyekundu anajua moja tu, kuna kitu kimetokea. Baba yangu Singida hajui Kiingereza lakini CNN anaijua, tangu ile vita ya Ghuba ya 1991. Kwa hiyo ile nembo kwenye kona inafanya kazi ya kiapo hata kabla mtu hajafungua mdomo, na ndo maana wazushi wanaipenda.

Mimi naona wangeweza kabisa kuandika neno vichekesho kwenye picha yenyewe muda wote, kubwa, sio pembeni ambapo ni rahisi mtu kukata, katikati chini. Haitaharibu utani. Mtu akitaka kulifuta itabidi aharibu picha na watu wataona imeharibiwa.

Na mkuu Makorora, kuhusu ndugu zetu wa huku, naomba uwaambie nyumbani jambo moja. Mambo ya uhamiaji ni kweli yanabadilika na watu wana wasiwasi wa kweli, sio kwamba tunawaona washamba. Ndo maana klipu kama zile zinashika, zinagusa kidonda ambacho tayari kipo. Mtu wa nyumbani akiona kitu amuulize yule yule aliyeko huku kwa ujumbe mfupi, umeisikia hii, asubiri saa za huku zifike asubuhi. Tunajibu. Nisipojibu niko shifti.

Mwl_Bahati

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Uraia sekondari, Morogoro, na hili swali la kwanza la kijana kwamba vinasaidia au havisaidii nataka nilijibu kwa nilichokiona darasani.

Kuna kipindi kingine cha hao hao BBC, Would I Lie to You?, kilianza 2007 na aliyekiendesha mwanzo ni huyo huyo Angus Deayton aliyetajwa hapo juu, baadaye akaja Rob Brydon. Manahodha ni Lee Mack na David Mitchell. Mtu anasimulia kisa chake mwenyewe, timu pinzani wanamhoji, wanaamua ni kweli au uongo, kisha anabonyeza kitufe na jibu linatokea. Sio cha habari moja kwa moja lakini kwangu mimi kinafundisha kuliko vyote, kwa sababu pale hakuna gazeti la kwenda kuangalia, una akili yako na maswali yako tu.

Nikakichukua nikakipeleka kidato cha pili. Mwanafunzi anasimama anasimulia, wenzake wanauliza, wanapiga kura, kisha anageuza karatasi tuone imeandikwa kweli au uongo. Mwanzo walikuwa wanaangalia sura tu, huyu anacheka basi anadanganya, na walikuwa wanakosa kila mara maana watoto wenye aibu wanacheka hata wakisema kweli. Baadaye wakajifunza wenyewe bila mimi kuwaambia kwamba ukitaka kumshika mtu muulize kitu kidogo cha pembeni. Binti mmoja alisimulia kwamba aliwahi kusahauliwa na basi pale Chalinze akiwa na mdogo wake, kisa kitamu, kila mtu kaamini, mvulana wa nyuma akauliza mizigo yenu mliikuta wapi. Binti kanyamaza. Hakuwa ameifikiria mizigo.

Wiki iliyofuata nikawaletea ujumbe wa WhatsApp, ule wa kwamba serikali inatoa mkopo kwa vijana bonyeza hapa, nikawaambia huyu ndo msimuliaji, muulizeni. Hawakuhitaji msaada wangu. Wakauliza wizara gani, tarehe ngapi, mbona anwani ya tovuti haina jina la serikali, mbona unataka nitumie watu wengine kwanza ndo nipewe. Zile ni mizigo ya pale Chalinze. Kwa hiyo mimi jibu langu ni ndiyo, vinasaidia, ila kinachosaidia ni kuhoji, na kuhoji mtu hakujifunzi kwa kutazama wengine wanahoji, lazima afanye. Anayekaa kwenye kochi anacheka tu ataendelea kufowadi kama kawaida.

Mtoto_wa_Makorora

Wakuu nashukuru sana, mmenipa vitu vingi mno. Mwalimu shikamoo, hiyo ya mizigo nimeisoma kwa sauti nyumbani.

Nimemuonyesha shangazi ile klipu nzima, nikamtafsiria. Aliangalia kimya, akaomba nirudie pale wanapocheka, halafu akauliza kitu ambacho mimi sikuwa nacho jibu. Kasema sawa, huyu mchekeshaji analipwa, televisheni inalipwa, ba'mdogo wako alitaka kutusaidia, je huyu aliyekaa akaikata akaweka na muziki, yeye kapata nini?

Bongo_Minnesota

Mpe heshima zangu shangazi, kauliza swali la msingi. Mara nyingi ni hela. Ukurasa ukipata watazamaji wengi unalipwa kwa matangazo, au unakuzwa mpaka uwe na wafuasi wengi halafu unauzwa kwa mtu mwingine anaubadilisha jina. Hofu inafowadiwa haraka kuliko kitu kingine chochote, na mtu wa kutengeneza anakaa popote pale, hajali wewe ni wa Tanga au wa Manila. Kicheko anakikata makusudi kwa sababu mtu akicheka anaridhika anaendelea na mambo yake, mtu akiogopa anatuma kwa watu kumi.

Pia kuna watu wa uhakiki wanaofanya kazi kwa Kiswahili, PesaCheck wapo, Africa Check wana ofisi Nairobi, JamiiForums wana JamiiCheck. Ukiwa na shaka na klipu anzia huko, huenda mtu mwingine ameshaiuliza kabla yako.

Fundi_Mitambo_FM

Wakuu nimesoma uzi wote, hakuna aliyelijibu sawasawa swali la mwisho la kijana, kama huku kwetu kitu hiki kinawezekana. Mimi ni fundi mitambo wa redio miaka mingi, nimefanya mikoa tofauti, na jibu langu ni kwamba kinawezekana ila pa kuanzia ni redio, televisheni ije baadaye.

Kwanza mjue hata hicho cha Waingereza mizizi yake iko redioni. BBC Radio 4 wana The News Quiz tangu 1977, watu wamekaa mezani wanaulizwa habari za wiki wanatania, na Have I Got News for You ilichukua humo. Redio haina sura ya mtu wala nembo kwenye kona ya kukata. Na kicheko kinakuwa juu ya sauti ya msemaji, vimeingiliana, ukijaribu kukitoa unaharibu na maneno. Nimefanya kazi hiyo ya kukata sauti maisha yangu yote, nakwambia ukumbi ukicheka juu ya neno la mwisho hutoki salama.

Pili, ile raundi ya vichwa vya habari vilivyozibwa ambayo Mzee wa Leicester kaieleza, hiyo sisi tunayo tayari nusu yake. Kila asubuhi redio karibu zote nchi hii zinasoma magazeti. Na ukitoka nje unawakuta watu wamesimama pale kwenye meza ya muuza magazeti wanasoma vichwa bila kununua, wanabishana, mmoja anasema hii imeandikwa hivi maana yake hivi. Mnajua vile vichwa vilivyo hasa vya udaku na vya michezo. Jina la mchezaji kubwa jekundu, limezagaa ukurasa mzima, Yanga imemnasa, halafu kati kati kuna neno limechapwa dogo kama mchwa ambalo linabadilisha habari yote. Pale mezani mtu anayejua anaweka kidole kwenye lile neno dogo anawaonyesha wenzake. Hicho ndo kipindi chenyewe tayari, kinahitaji maikrofoni tu.

Vichekesho vya kuigiza wakubwa tumeshawahi kuwa navyo na watu walivipenda. Ze Comedy enzi za EATV kabla hawajahamia TBC, akina Joti, Masanja, Mpoki, mtaa mzima ulikuwa unatulia. Ila ile ilikuwa ni kuigiza watu, kumchukua mtu maarufu na sauti yake na mwendo wake. Hiki cha kukaa na habari ya wiki na kuipima hatujawahi kukishikilia kikadumu.

Sheria nayo isisahaulike maana sio ya kuchezea. Hapa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 kinagusa kusambaza taarifa za uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote, na kipindi chochote leo kitaishia mtandaoni tu hata ukikirusha redioni. Kwa hiyo kama Waingereza wanavyofanya, kirekodiwe siku moja kiruke siku ya pili, na katikati akae mwanasheria na mtu wa uhakiki wasikilize kila neno. Kwangu mimi hiyo ndo gharama kubwa kuliko mitambo. Na sheria ya Mzee wa Leicester iwepo, hakuna mgeni mwanasiasa.

Wasikilizaji wapige simu washindane, sio wachekeshaji peke yao, hapo namsikiliza mwalimu kwamba lazima mtu ahoji mwenyewe. Msomaji anasoma kichwa cha gazeti, anaruka lile neno dogo, mpigaji simu anaambiwa alitafute. Msimu wa usajili ndo pa kuanzia, kila mtu anafuatilia, na hakuna atakayelala rumande kwa sababu ya beki wa kushoto. Mambo ya bei, afya, uchaguzi yaingie taratibu watu wakishazoea namna ya mchezo.

Kama kuna mtu humu ana redio ya mkoani yenye nusu saa wazi Jumamosi asubuhi anicheki ujumbe wa ndani, skripti ya kipindi cha kwanza nimeshaanza kuiandika, na Mwl Bahati ningependa nikupigie kuhusu hayo maswali ya darasani kwako.

Mwl_Bahati

Piga tu ndugu yangu, baada ya saa tisa alasiri nakuwa nimetoka darasani. Na yule mvulana wa mizigo yuko kidato cha tatu sasa, nitamwomba mzazi wake aje naye mje mumsikie.